Soseji za kuviringwa nyama: Zipike mwenyewe, ujue unachokula

Adhani ya magharibi ikishamalizika, Mji wa Kale wa Mombasa huanza kunukia. Kutoka Kibokoni hadi Ndia Kuu makaa hupepewa, mishkaki hugeuzwa, viazi vya karai hutumbukizwa katika mafuta yanayochemka, nao wazee hukaa barazani wakimngojea muuza kahawa na dele lake. Ni vigumu mtu kupita hapo akielekea nyumbani asimeze mate.

Mama yangu mdogo anaishi Kibokoni, katikati ya harufu hiyo. Mwaka uliopita alianza kusumbuliwa na kichwa na kizunguzungu. Alipopimwa presha ilikuwa 160 kwa 100. Daktari alimpa vidonge na kumwambia apunguze chumvi. Mama mdogo ni mtu wa kushika maneno. Aliondoa kikopo cha chumvi mezani, akaacha achari, akaacha hata papa mkavu aliyempenda tangu utotoni.

Miezi miwili baadaye presha ilikuwa pale pale. Daktari akamtaka ataje kila anachokula tangu asubuhi. Akataja chai ya maziwa, slesi mbili za mkate, na soseji mbili anazokula pamoja na wajukuu wake kabla hawajaenda shule.

“Lakini soseji siitii chumvi hata chembe,” alijitetea.

“Ni kweli, mama,” daktari akamjibu. “Wewe huitii. Aliyeitengeneza alishaitia.”

Alirudi nyumbani na huzuni. “Achari nimeacha, papa nimeacha, sasa hata soseji? Nile nini, mwanangu?” aliniuliza. Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Jibu lake ni kwamba si lazima mtu aiache soseji kabisa. Anaweza kuitengeneza mwenyewe jikoni mwake, akapima kwa mkono wake chumvi na mafuta yanayoingia ndani, na akala mara chache kwa furaha badala ya kila siku kwa mazoea.

CHUMVI ISIYOONEKANA

Soseji ni nyama iliyosagwa, ikachanganywa na mafuta, maji, unga au mkate wa kuishikanisha, viungo na chumvi. Jambo hili si geni kwetu. Wakikuyu wana mutura yao, utumbo uliojazwa nyama na damu, na watu wa Pwani wana kababu zao ambazo hazivishwi utumbo wowote.

Katika soseji ya kiwandani chumvi haiko kwa ajili ya ladha tu. Chumvi huifanya nyama iliyosagwa inate na kushikana, nayo husaidia kuzuia isiharibike upesi. Ndiyo sababu mwenye kiwanda hawezi kuipunguza sana bila soseji yake kubadilika.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Hiyo ni chumvi yote ya siku, ya mkate, ya mchuzi, ya ugali uliotiwa chumvi na ya kachumbari. Watoto wanatakiwa kula kidogo zaidi ya hapo.

Sasa chukua pakiti ya soseji dukani usome maandishi yaliyo nyuma. Mara nyingi hutaona neno chumvi bali sodiamu. Ili kupata chumvi, zidisha sodiamu kwa mbili na nusu. Tuseme pakiti inasema kuna miligramu 800 za sodiamu katika kila gramu 100. Hiyo ni sawa na miligramu 2,000, yaani gramu 2 za chumvi. Mtu aliyekula soseji mbili za gramu 50 kila moja amekwisha kula sehemu mbili kati ya tano za chumvi yake ya siku nzima, na bado ni saa moja asubuhi. Mkate una chumvi yake, na tomato anayomiminia juu pia ina yake.

Hili si jambo dogo katika nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Presha haina kelele. Mtu huamka, hufanya kazi na hulala akidhani yu mzima, kumbe mishipa, moyo na figo vinaumia polepole. Wengi huja kuijua siku ya kiharusi.

BLANKETI LA BEKONI

Waliofanya kazi au kupata chakula katika hoteli za watalii wanazijua zile soseji ndogo zilizoviringwa kwa bekoni na kuokwa mpaka zikawa rangi ya kahawia. Waingereza huzila sana wakati wa Krismasi, na kwa utani huziita nguruwe ndani ya blanketi.

Bekoni ni nyama ya nguruwe, hasa ya tumbo au mgongo, iliyolazwa katika chumvi, mara nyingi pamoja na kemikali iitwayo nitriti, kisha pengine ikafukizwa moshi. Kwa Mwislamu wa Mji wa Kale chakula hicho ni haramu na mazungumzo huishia hapo. Lakini hata kwa msomaji anayekula nguruwe, kuifunga soseji kwa bekoni ni kufunga chumvi ndani ya chumvi, maana chumvi ndiyo inayoihifadhi bekoni yenyewe.

Wengine hukimbilia bekoni ya ng'ombe. Hiyo yaweza kuwa halali, lakini kumbuka kuwa muhuri wa halali huhusu mnyama na namna alivyochinjwa. Hauhesabu chumvi wala nitriti.

Nitriti hutumiwa kwa sababu nzuri. Huzuia bakteria hatari wasizaliane na huipa nyama ile rangi nyekundu ya kuvutia. Ubaya wake ni kwamba ndani ya mwili yaweza kuchangia kutengenezwa kwa kemikali zinazodhuru utumbo. Oktoba 2015, kituo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilitangaza kwamba nyama zilizosindikwa, zikiwemo soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana. Wataalamu hao walikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18.

Tuelewane hapa, maana tangazo hilo liliwatia wengi hofu kupita kiasi. Haina maana kwamba watu 18 katika kila walaji 100 watapata saratani. Maana yake ni kwamba hatari ile ambayo mtu alikuwa nayo, ambayo kwa wengi si kubwa, huongezeka kwa karibu moja juu ya tano. Wala soseji moja ya sikukuu haiui. Kinachodhuru ni mazoea ya kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo wazo la blanketi ni zuri. Kazi yake ni kuzuia soseji isikauke motoni na kuiongezea utamu. Kazi hiyo inaweza kufanywa vizuri na pasanda, yaani kipande chembamba cha nyama ya ng'ombe kisicho na mafuta, kilicholowekwa kwa ukwaju, ndimu na thomu kama mishkaki. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa mama mdogo.

KIMA SI SAWA NA KIPANDE

Kabla ya kuwasha jiko, fahamu jambo moja kuhusu nyama ya kusaga, ambayo Wamombasa huiita kima. Kipande kizima cha nyama hubeba viini vya maradhi kwa nje, na moto ukikigusa kila upande viini hivyo hufa. Nyama ikishasagwa, kilichokuwa nje huingia ndani. Mashine ikiwa haikuoshwa, kima chako hupokea pia viini vya nyama ya mteja aliyekutangulia.

Mwaka wa 1993 huko Marekani, hambaga ambazo hazikuiva vizuri ziliwaambukiza zaidi ya watu 700 bakteria aina ya E. coli. Watoto wanne walifariki. Tangu wakati huo wataalamu wa nchi hiyo wamesisitiza kwamba nyama ya kusaga ipikwe hadi ndani kabisa ifikie joto la nyuzi 71 za Selsiasi.

Basi anzia kwa mwenye bucha. Iwe ni Marikiti au bucha ya mtaani kwako, tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama. Kenya imekwisha kupata funzo chungu kuhusu nyama isiyokaguliwa wakati wa mikurupuko ya homa ya Bonde la Ufa ya 1997-98 na 2006-07, iliyoua watu na mifugo. Nenda asubuhi wakati nyama ni mbichi na jua halijawa kali. Usinunue kima kilichokwisha kusagwa na kuwekwa kwenye sinia. Chagua kipande chako, kisha umwombe muuzaji akusagie mbele ya macho yako katika mashine safi. Ukiwa na kisu kikali na subira, waweza kuikatakata mwenyewe nyumbani.

Fanya manunuzi mengine kwanza, nyama iwe ya mwisho, kisha urudi nyumbani moja kwa moja. Viini huzaliana upesi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Wakati wa kaskazi, joto la Mombasa linapopita nyuzi 30 mchana, nyama haifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa moja.

MAHITAJI

Kwa soseji 20:

- Kilo 1 ya nyama ya ng'ombe ya bega au paja, yenye mafuta kidogo tu, iliyosagwa
- Slesi 2 za mkate, zilizolowekwa majini na kukamuliwa
- Yai 1
- Kitunguu maji 1 kikubwa, kilichokatwakatwa na kukamuliwa maji yake
- Thomu punje 6 na kipande cha tangawizi, vitwangwe pamoja
- Bizari nyembamba ile ya pilau, kijiko 1 cha chai
- Giligilani kavu, kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga ya unga, nusu kijiko cha chai
- Mdalasini wa unga, robo kijiko cha chai
- Pilipili mbichi 2 na fungu dogo la kotmiri, zikatwe ndogo ndogo
- Chumvi, kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa kwa kisu

Kwa blanketi:

- Nusu kilo ya nyama ya paja isiyo na mafuta, iliyokatwa vipande 20 vyembamba
- Papai bichi lililosagwa, kijiko 1 cha mezani
- Ukwaju mzito uliochujwa, vijiko 2 vya mezani
- Maji ya ndimu 1
- Thomu punje 3 zilizotwangwa
- Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya mezani
- Pilipili ya unga kiasi upendavyo

Tazama tena ile chumvi. Kijiko kimoja cha chai ni karibu gramu 5, nacho kinagawanywa kwa soseji 20. Kila moja hupata takriban robo gramu. Nyama, yai na mkate vina chumvi yao kidogo, lakini bado uko mbali na ile gramu nzima iliyokuwa ndani ya soseji ya dukani katika mfano wetu. Blanketi halitiwi chumvi hata kidogo. Ukwaju na ndimu huufanya ulimi usiikumbuke.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwanza shughulikia blanketi. Nyama hukatika vyembamba kwa urahisi ikiwa imeganda nusu, kwa hiyo iweke katika sehemu ya barafu kwa muda kabla ya kuikata. Kikatie kila kipande kiwe kirefu kidogo na upana wa vidole vitatu, kisha ukipigepige kwa mchi mpaka kilainike. Changanya papai, ukwaju, ndimu, thomu, pilipili na mafuta, utie nyama, ufunike na kuweka ndani ya friji kwa nusu saa hadi saa moja. Usizidishe. Papai bichi lina kitu kinachomeng'enya nyama, na likiachwa muda mrefu nyama hurojeka.

Pili, kaanga bizari na giligilani bila mafuta mpaka zinukie, kisha uzitwange. Viungo vilivyokaangwa hivi hutoa harufu kali zaidi, na mlaji haulizi chumvi iko wapi.

Tatu, tia kima katika bakuli pamoja na viungo vyote, mkate, yai na chumvi. Ukande kwa mkono uliooshwa vizuri kwa dakika tano mpaka mchanganyiko unate. Usionje nyama mbichi. Ukitaka kujua ladha, kaanga donge dogo kwenye kikaango, ulile, kisha urekebishe. Ikionekana kupwaya, ongeza ndimu au pilipili manga kabla ya kufikiria chumvi.

Nne, paka viganja mafuta kidogo, ugawanye mchanganyiko mafungu 20 na kuyaviringa yawe soseji zenye urefu wa kidole cha kati na unene wa kidole gumba. Hakuna haja ya utumbo wala mpira wa kuzivisha. Zipange kwenye sinia na kuziweka katika friji kwa saa moja zishikane.

Tano, zipike kwa mvuke. Weka chujio la bati juu ya sufuria ya maji yanayochemka, lipake mafuta, upange soseji zisigusane, ufunike kwa dakika 15. Wengi watauliza kwa nini tusizipeleke moja kwa moja motoni. Ni kwa sababu makaa huunguza nje wakati ndani bado ni mbichi. Mvuke huiva sawa sawa. Ikiwa una kipimajoto cha jikoni, kichome katikati ya soseji usome kama imefika nyuzi 71. Ikiwa huna, ipasue moja. Isiwe na wekundu ndani na maji yake yawe meupe. Rangi peke yake yaweza kudanganya, kwa hiyo usipunguze zile dakika 15.

Sita, zikiwa zingali moto, zivike blanketi. Viringa kipande kimoja cha pasanda kuzunguka kila soseji, kisha uzichome mbili mbili au tatu tatu kwa vijiti vya mishkaki vilivyolowekwa majini nusu saa ili visiungue. Usiziweke kando kungoja wageni. Zipeleke jikoni mara hiyo hiyo, maana blanketi bado ni nyama mbichi.

MOTO USIWE NA NDIMI

Choma juu ya makaa yaliyokwisha kuvaa majivu meupe, si yale yanayotoa ndimi za moto. Geuza mara kwa mara kwa dakika nane hadi kumi, mpaka blanketi liive pande zote na kupata rangi ya kahawia. Nyama inapounguzwa na moto mkali, na mafuta yake yanapodondoka makaani na kutoa moshi, hutokea kemikali zinazohusishwa na saratani. Kwa kuwa soseji yetu imekwisha kuiva kwa mvuke na blanketi halina mafuta mengi, haihitaji kukaa motoni muda mrefu. Penye weusi ulioungua, kwangua utupe.

Wakazi wa Mji wa Kale, ambao nyumba zao zimebanana na vichochoro ni vyembamba, wana tahadhari moja zaidi. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala usiliingize chumbani likiwa bado na moto. Hewa yake ya sumu haina harufu na imeua watu wakiwa usingizini. Choma uani, barazani au juu ya dari iliyo wazi. Asiye na nafasi hiyo atumie joko lenye nyuzi 200 kwa dakika 15, au kikaango chenye mafuta ya kijiko kimoja.

Sahani za soseji mbichi na za zilizoiva zisiwe hizo hizo, na koleo iliyoshika nyama mbichi ioshwe kabla ya kugusa iliyoiva. Wapishi wengi huharibu kazi nzuri mahali hapa.

Andaa kwa kachumbari ya nyanya, kitunguu na maji ya ndimu bila chumvi, na chatini ya ukwaju au embe mbichi. Mkate wa mofa au chapati moja yatosha. Ukishazimwagia soseji zako tomato ya chupa, umerudisha ile chumvi uliyoikimbia.

KUHIFADHI

Soseji hii haina dawa ya kuizuia isioze, kwa hiyo haiwezi kukaa kama ya dukani. Mbichi isikae ndani ya friji zaidi ya siku mbili. Ukitaka kuiweka, igandishe siku hiyo hiyo katika mafungu ya mlo mmoja mmoja, uitumie ndani ya mwezi mmoja hadi miwili. Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha, si juani wala juu ya meza. Iliyopikwa ikibaki, iingie friji ndani ya saa mbili, na ikitolewa ipashwe moto mpaka itoe mvuke. Stima ikipotea kwa saa nyingi na nyama ikawa vuguvugu, itupe. Kilo moja ya nyama ni ghali, lakini dawa na kitanda cha hospitali ni ghali zaidi.

Usijaribu kuikausha au kuifukiza moshi nyumbani ili idumu. Miaka ya 1820, daktari Mjerumani aitwaye Justinus Kerner alieleza ugonjwa uliowapoozesha na kuwaua watu waliokula soseji zilizohifadhiwa vibaya. Ugonjwa huo leo huitwa botulismu, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji.

Wala cha kiwandani si salama daima. Mwaka wa 2017 na 2018 nchini Afrika Kusini, bakteria wa listeria waliwaambukiza zaidi ya watu 1,000 na kuua zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga. Chanzo kilipatikana kuwa ni nyama ya kusindikwa aina ya poloni. Bakteria huyo huweza kuzaliana hata ndani ya friji, lakini moto humuua. Kwa hiyo mama mjamzito, mzee na mgonjwa wasile soseji, poloni au smoki bila kwanza kuipasha moto mpaka itoe mvuke. Ile ya barabarani inayopasuliwa na kujazwa kachumbari, hakikisha ni ya moto kweli kweli na kisu kimeoshwa.

USILE KILA SIKU

Nisingependa msomaji aondoke akidhani soseji ya nyumbani ni dawa. Bado ni nyama nyekundu. Shirika la World Cancer Research Fund linashauri mtu asizidishe gramu 350 hadi 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Soseji moja yenye blanketi ni mlo wa kutosha kwa mtoto, mbili kwa mtu mzima, mara moja kwa wiki. Siku nyingine kuna mbaazi za nazi nyepesi, maharagwe, mayai na samaki wetu wa baharini.

Mgonjwa wa figo asinunue chumvi mbadala yenye potasiamu bila kumwuliza daktari wake, kwani yaweza kumdhuru moyo. Na mwenye presha asiache vidonge kwa sababu tu amebadilisha chakula. Chakula husaidiana na dawa, hakiifukuzi.

Mama mdogo sasa hupika soseji zake Jumapili. Wajukuu ndio wanaoviringa, naye hushika kijiko cha chumvi na kukisawazisha kwa kisu mbele yao, kama mwenye duka anayepima dhahabu. Siku za shule wanakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, au yai la kuchemsha. Miezi mitatu baada ya kubadilisha mambo, na akiendelea kumeza vidonge vyake kila asubuhi, alipimwa akapatikana na 138 kwa 86. Daktari alimwambia bado ana safari, lakini ameshika njia.

Ikiwa hujapimwa presha mwaka huu, nenda wiki hii katika zahanati iliyo karibu nawe. Ni shughuli ya dakika chache, nayo haina uchungu. Kisha ukirudi nyumbani, fungua kabati la jikoni usome maandishi yaliyo nyuma ya kila pakiti. Huenda chumvi unayojinyima mezani inaingia kwa mlango wa nyuma.